Kanuni za Treni, Zote Mahali Pamoja

Sisi tuliokulia Kolwezi wakati king'ora cha kampuni ya mgodi kilipokuwa ndiyo saa ya kila nyumba, hatukuwa na nafasi ya kuchoshwa na likizo. Wenzangu wa rika langu mnajua. Wasichana tulicheza nzango, tukiruka na kupiga makofi mpaka vumbi jekundu likatupanda magotini. Wavulana walisukuma mituka yao ya waya, kila mmoja akiunguruma kwa mdomo kadiri ya ukubwa wa gari aliloliwaza. Msimu wa masuku, yale matunda ya mwituni, tulirudi kutoka porini tumbo limejaa, halafu tukajifanya tuna njaa ili mama asijue tulikotoka. Naye alijua. Alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akaita mara moja tu: "Mukuye kula, bukari inapola." Ugali huo haukungoja: aliyechelewa alikuta wenzake wanalamba vidole, na sahani ya matembele imebaki na alama za vidole hivyo.

Lakini sijaketi kuandika kwa ajili ya nzango wala masuku. Nimeketi kwa ajili ya mchezo mmoja ambao nje ya mtaa wetu hakuna aliyeujua, mchezo tulioucheza mezani, tukauita Treni. Wiki hii kitabu cha kanuni zake kimekamilika. Mimi, mama mzima mwenye duka la fotokopi karibu na soko, natembea nacho mkobani kama msichana aliyeshonewa nguo ya Noeli. Wateja wananiuliza mbona nacheka peke yangu. Nawaambia wasubiri, foleni ni ndefu.

Aliyetuletea Treni ni kaka yangu mkubwa, Floribert, ambaye sisi wadogo tulimwita Yaya Flori. Alisoma shule ya bweni Likasi, na kila likizo ya kiangazi alirudi na jambo jipya. Mwaka mmoja alirudi na mtindo wa kuchana nywele, mwaka mwingine na ubishi kuhusu mwezi. Mwaka ule alirudi na macho yanayowaka. Alitusimulia kwamba mwalimu mmoja kijana kule bwenini alikuwa na kitabu kinene cha lugha ya kigeni, kimejaa picha za watu wenye panga na wanyama wasiojulikana. Wanafunzi waliketi kuzunguka meza. Mmoja alisimulia hadithi, na wengine waliingia ndani yake. Hapakuwa na ubao wala vipande vya kusogeza. Kulikuwa na mdomo, karatasi, penseli na dadu. Msimulizi alikuwekea jambo mbele yako, wewe ukasema unafanya nini, na pale ambapo jambo lingeweza kufaulu au kushindikana, ukarusha dadu.

Kapend, mtoto wa jirani, aliuliza nani anashinda. Yaya Flori akamjibu kwamba hakuna anayeshinda, mnafika au hamfiki. Kapend hakulipenda jibu hilo. Alikuwa mvulana wa kupanga vitu: hata vizibo vyake vya chupa alivipanga kwa rangi, na ukigusa kimoja alijua. Hata hivyo alivuta kiti.

Mwingine aliyevuta kiti ni Ngalula. Tulikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Baba yake alikuwa karani katika ofisi za mgodi, na babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba, enzi ambazo hata wazazi wetu walizisikia tu. Ngalula alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kuamuru, na alipocheka alikushika mkono ili usiende popote mpaka amalize.

Yaya Flori hakuwa na kile kitabu kinene. Alikuwa amecheza Jumapili chache tu, na mengine ameyasahau njiani kati ya Likasi na nyumbani. Ndipo akayatengeneza upya. Panga na ngome tukaziacha, kwani nani kati yetu alijua ngome? Tukaweka treni. Ilitoka Kolwezi ikaelekea Tenke, na kutoka hapo ikaenda popote ambapo msimulizi alitaka kutupeleka. Msimulizi tukamwita mashinisti, yaani dereva wa treni. Sisi wengine tulikuwa abiria, na kila abiria alikuwa na jina, kazi, mfuko wa vitu vyake, na namba nne alizoandika juu ya karatasi: mkono, jicho, mdomo na moyo. Ukitaka kuvunja mlango, ulirusha kwa mkono. Ukitaka kumdanganya mkaguzi wa tiketi, kwa mdomo. Yaya alituchongea dadu mbili za mti wa mpera, akazitoboa nukta kwa msumari wa moto. Moja ilikuwa imepinda kidogo na iliipenda sana sita. Wote tulilijua hilo, na wote tuliigombania.

Meza ilikuwa ya mama, yenye kitambaa cha plastiki kilichochorwa mananasi. Mchana wa likizo, baba akiwa zamu, mama akiwa nyuma anachambua mboga, Yaya Flori alishusha sauti na kusema kwamba treni imefika Tenke, kituo ni kitupu, taa zote zinawaka, na kwenye benchi kuna kiatu kimoja cha mtoto, bado cha moto. Halafu alituangalia mmoja mmoja akauliza: "Munafanya nini?"

Wenzangu, sijui niwaelezeje. Nywele zilisimama. Nje jua lilikuwa linawaka, kuku wa jirani wanachakura, mtu anapita anauza mikate, na sisi tulikuwa Tenke, tunaogopa kiatu. Ngalula alikuwa Kapiteni Tshala, mwanamke mwenye kofia na darubini. Kapend alikuwa Mzee Injinia, aliyebeba spana za kila ukubwa. Mimi nilikuwa nesi aitwaye Rosalie, na mfukoni nilikuwa na bendeji, sabuni na kamba ndefu ambayo Kapend aliniuliza kila siku ni ya nini. Tuliingia machimbo ya Mashamba tukakuta njia inayoshuka pasipo mwisho. Tulikutana na pepo aliyekula rangi ya shaba mpaka milima ikawa myeupe. Tulivuka mto Lualaba juu ya mgongo wa kitu ambacho Yaya alikataa kutuambia ni nini. Mama alipotuita kula, tulikwenda tukiwa tumechoka kama watu waliosafiri kweli.

Shida ilianza Yaya Flori aliporudi shuleni.

Kanuni zote zilikuwa kichwani mwake. Tulichobaki nacho kilikuwa vipande. Kanuni ya kupigana iliandikwa nyuma ya kalenda ya parokia. Kanuni ya vitu vya mfukoni Kapend aliiandika kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. Kanuni ya kuponya wagonjwa niliikumbuka mimi, au nilidhani naikumbuka. Nyingine ziliandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa choo cha akina Ngalula, na baba yake alipoupaka chokaa kwa ajili ya Pasaka, sheria zote za kuruka kutoka treni inayokwenda zikapotea siku moja. Kila mtu alikuwa mashinisti kwa zamu, na kila mashinisti alikuwa na Treni yake.

Ndipo Kapiteni Tshala akaanguka Nzilo.

Siku hiyo Kapend ndiye aliyekuwa mashinisti. Treni ilikuwa inapita juu ya bwawa la Nzilo, taa zimezimika, na Ngalula akataka kupanda juu ya behewa ili aone mbele kwa darubini. Alirusha dadu, akakosa. Kapend akasema ameanguka majini, na anayeanguka majini amekufa. Ngalula akasimama. Alidai kwamba Yaya alishasema, anayeanguka majini anapewa nafasi moja, endapo mwenzake atampa kitu kutoka mfukoni mwake. Kapend akasema Yaya hakusema hivyo. Wote wawili wakanigeukia. Mimi, kwa kweli kabisa, sikukumbuka. Ngalula alichukua karatasi yake akaenda nyumbani, na wiki nzima dawati letu lilikuwa na mpaka katikati uliochorwa kwa chaki.

Mama alivumilia siku kadhaa. Halafu Jumamosi alituita wote watatu, akatuweka kwenye ile meza, akamwaga karanga za kukaangwa katikati ili mikono ilazimike kukutana. Alisikiliza kesi yote huku akisokota uzi. Hakuuliza treni ni nini wala Kapiteni Tshala ni nani. Mwishoni akasema: "Sheria yenye kukala mu kichwa ya muntu moja, ile haiko sheria. Ile ni shefu, mukubwa wa kuamuru."

Akaenda jikoni. Tulibaki tunatafuna na kuangaliana. Kisha Ngalula akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona mlango, kwamba tunahitaji kitabu. Kitabu kimoja. Kanuni zote ndani, kuanzia kupanda treni hadi kufa.

Ule mchana, ubishi wa Nzilo ukiwa bado haujaamuliwa, tulisahau kukasirikiana. Tulikuwa tunakatizana maneno. Kapend alitaka vitu vyote vya mfukoni viwe sehemu moja, na uzito wake. Ngalula alitaka mtu aweze kuipata kanuni dadu ikiwa bado inazunguka juu ya meza. Mimi nilitaka picha. Tulibishana jalada liwe rangi gani muda mrefu kuliko tulivyowahi kubishana juu ya kifo. Yaya aliporudi likizo, tulimrukia getini kabla hajaweka sanduku chini. Akacheka, akasema sawa, tutakiandika, ila kiwe chembamba, maana kile kinene cha mwalimu wake kilikuwa kinawalaza watu kabla treni haijaondoka.

Hatukukiandika. Ulikuja ule mwaka ambao watu wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa. Wale wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao kulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Familia ya Ngalula ilifunga vitu vyake ikaenda kungoja stesheni, pamoja na familia nyingine nyingi, wakilala juu ya godoro zao kati ya masufuria na vyerehani, kwa sababu treni haikuwa na siku wala saa. Mama alinipa bukari iliyofunikwa nipeleke, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa chumvi. Alinifunga kitambaa kichwani kwa nguvu kuliko kawaida.

Kapend alinifuata. Hatukuwa tumepanga. Njiani alifungua mkono wake akanionyesha dadu zote mbili, ile iliyopinda na ile nzuri.

Tulicheza pale, juu ya godoro lililokunjwa. Ngalula akawa mashinisti. Mwanzoni alisimulia kwa sauti ndogo, halafu watoto wengine waliokuwa wanangoja wakasogea, na sauti yake ikapata ile amri yake ya siku zote. Alituleta Nzilo. Alimfanya Mzee Injinia wa Kapend atoke nje kufunga bomba lililopasuka, Kapend akarusha, akakosa, akaanguka majini. Kapend mwenyewe aliinamisha kichwa, anangoja kuambiwa amekufa. Ngalula akanigeukia mimi akauliza: "Rosalie, uko na nini mu mufuko?"

Nikasema nina kamba. Nikaitoa. Kapend akarusha tena, akapata, na watoto wa stesheni wakapiga makofi mpaka mzee mmoja akaamka na kuuliza kama treni imekuja.

Haikuwa imekuja siku hiyo. Ilikuja asubuhi nyingine, sisi tukiwa shuleni. Niliporudi mchana na chakula, pale kwenye godoro palikuwa wazi, pamefagiliwa. Kapend alikuwa amemwachia Ngalula dadu zote mbili. Mimi nilikaa kwenye dawati letu peke yangu mpaka mwisho wa mwaka, na mwalimu, Mungu ambariki, hakumweka mtu mahali pake.

Miaka ilipita kama inavyopita. Yaya Flori akawa mwalimu wa fizikia Lubumbashi. Kapend akawa fundi umeme katika machimbo ya upande wa Mashamba, na watoto wake aliwafundisha Treni, kwa kanuni zake kali, ambamo anayeanguka majini hufa. Mimi niliolewa, nikazaa, nikafungua duka. Binti yangu Grâce nilimfundisha kidogo, kwa kanuni nilizozikumbuka, na nyingine nilizitunga nikiwa napika.

Kisha mwaka jana, mchana wa kawaida tu, aliingia dukani mama mmoja nisiyemjua, akataka nakala za karatasi za kuchezea watoto wake wakati wa likizo. Niliweka karatasi kwenye mashine, nikabonyeza, na nakala ya kwanza ilipotoka nikaiona: mkono, jicho, mdomo, moyo. Juu yake kulikuwa na treni iliyochorwa kwa mkono. Nilizima mashine. Nilimuuliza ameitoa wapi. Akasema wifi yake wa Mbuji-Mayi, kule Kasai, ndiye aliyempa, kwamba mchezo huu huko kila mtoto wa mtaa wao anaujua, kuna Mama Ngalula mmoja anawafundisha barazani kwake.

Wateja waliokuwa kwenye foleni siku hiyo wanisamehe. Nilifunga duka.

Namba ilipatikana jioni ileile. Nilipiga, ikaita, ikapokelewa, nikasema mimi ni Rosalie, nesi. Halafu ile sauti ya kuamuru, imekuwa nzito sasa, ikaniuliza, kabla ya habari za mume, watoto au afya: "Kapend anasema tena kama mi nilikufa?"

Tulilia na kucheka mpaka salio likaisha.

Kuanzia hapo tukawa na kundi letu la sauti kwenye simu, wazee wanne tunaotuma ujumbe kama vijana wachumba. Wa kwanza kulitaja tena jambo la kitabu alikuwa Kapend. Alisema wajukuu wetu watakuja kugombana kama sisi, bora tuwaachie kitu. Hamu yote ikarudi kama vile zile karanga zilikuwa bado mezani. Ngalula alituma sauti ndefu akiwa sokoni, kuku wanalia nyuma yake, akisema anataka neno moja liwe na maana moja: kwake moyo ni ushujaa, kwa Kapend moyo ni uhai, na mtoto wa Mbuji-Mayi akikutana na mtoto wa Kolwezi watauana kwa bahati mbaya. Kapend alitaka kanuni iandikwe mahali pamoja tu, isirudiwe kwingine kwa maneno mengine, kwa sababu pale inaporudiwa ndipo ubishi unapozaliwa. Yaya Flori, mwalimu hata akilala, alitaka mifano: mazungumzo ya watu wakicheza kweli, ili anayesoma peke yake asikie meza. Bado alitaka kiwe chembamba, mashinisti akishike kwa mkono mmoja. Mimi sikuomba picha tena. Niliomba herufi kubwa, maana miwani ni miwani, na waya wa spirali wa kufungia kurasa, ili kitabu kilale wazi mezani bila kushikiliwa, na jalada linalofutika mafuta ya samaki.

Grâce alitusikiliza siku nyingi huku akitabasamu na simu yake. Vijana wa leo mnawajua: kuchemsha maji wanatafuta video. Akasema kitabu ni sawa, ila kiwe pia kwenye simu, mtu aandike neno "maji" na kanuni ije yenyewe. Na akasema ukurasa wa kwanza peke yake utoshe kumwanzisha mtu kucheza, mengine atayasoma njiani. Yaya Flori akajibu kwamba huyu mtoto ana akili, lazima amefuata upande wa mjomba.

Basi tukaanza kukusanya, na tulipoviweka vipande pamoja tukaogopa. Zilikuwa Treni tatu tofauti. Ya Kapend ilikuwa na majedwali ya kila kitu. Yangu ilikuwa na mapengo makubwa niliyoyajaza nikipika. Ya Ngalula ilikuwa na kanuni ambazo hatukuwahi kuzisikia, na moja Kapend aliikataa kabisa. Huko Mbuji-Mayi treni haiondoki mpaka mashinisti amemwita kila abiria kwa jina, na kila mmoja ameitika. Asipoitika mmoja, wote wanashuka kumtafuta. Kapend alisema hiyo inachelewesha mchezo, halafu haikuwa yetu. Ngalula alikaa siku nyingi bila kutuma sauti yoyote, na mimi nikaanza kuona chaki katikati ya dawati. Nilifikiri kwamba kitabu hiki, tulichokitamani hivi, ndicho kitakachotuvunja, kwa sababu kuchagua kanuni moja ni kufuta utoto wa mtu.

Kilichotuokoa ni harusi. Mpwa wake Ngalula aliolewa hapa Kolwezi, naye akaja. Mara ya kwanza tangu ile stesheni. Yaya Flori akapanda basi kutoka Lubumbashi. Nilipika bukari, sombe na samaki wa chumvi, nikaosha meza mara mbili. Ngalula alipoingia, amekuwa mama mnene mwenye kitambaa cha rangi ya chungwa, alinishika mkono hakuniachia mpaka tumeketi. Kapend alisimama wima kama askari. Akamwita mama, kwa heshima. Naye akamwita tata, baba. Kisha wakacheka wote wawili, kwa sababu hakuna aliyezoea.

Baada ya kula tukafungua karatasi. Tulifika kwenye maji. Tukamgeukia Yaya Flori, mwenye mchezo, mzee mwenye mvi sasa, tukamtaka aseme mwishowe: siku ile alisema nini? Yaya alivua miwani akaifuta. Akasema amefikiri sana ndani ya basi, na ukweli ni kwamba hakumbuki kusema lolote. "Mi nazani ile kanuni haikukuwaka," akasema. Haikuwahi kuwapo.

Miaka yote hiyo Kapend amewaua wajukuu wake majini kwa sheria isiyokuwapo.

Ngalula akasema polepole kwamba basi kanuni ipo moja tu, ile tuliyoicheza sote watatu kwenye godoro. Na ile nyingine, ya majina, aliianzisha Mbuji-Mayi mwaka wa kwanza, akiwa na watoto waliotoka stesheni ileile. Kuna mmoja wao ambaye njiani hakufika. Walipoanza kucheza, watoto hawakukubali treni iondoke bila kuwahesabu.

Kapend alichukua kalamu mwenyewe. Aliandika kanuni ya maji, na kamba yake. Halafu akafungua ukurasa wa kwanza, ule ambao Grâce alisema utoshe kumwanzisha mtu, akaandika juu kabisa: mashinisti anaita majina. Mwandiko wake ni uleule, herufi zimesimama kama vizibo vilivyopangwa.

Tukacheza. Grâce alivuta kiti, na wajukuu wawili wa Kapend. Ngalula akawa mashinisti. Aliita jina la kila mtu, taratibu, akingoja. Aliposema Rosalie, meza yote ikanigeukia. Nikasema, "Niko." Treni ikaondoka.

Sasa kitabu kipo. Nimekifunga mwenyewe kwa waya wa spirali, jalada linafutika. Ni chembamba, moyo ni ushujaa na uhai umepata jina lake, vitu vya mfukoni viko mahali pamoja. Jana wajukuu wa Kapend walikuja kucheza kwangu, na Grâce akiwaendesha. Walipofika mahali pa ubishi, kijana mmoja akapaza sauti, nami nikaacha sufuria nikaja mbio, nikavuta kiti, nikachukua hata bakuli la karanga. Sisi tungelihitaji wiki nzima, na mpaka wa chaki, na mama mwenye uzi mkononi. Wao walifungua kitabu, wakasoma mstari mmoja, wakasema "njo vile," yaani ndivyo, wakaendelea. Ndivyo hasa tulivyotamani. Nilibaki pale na bakuli langu, nikiwaangalia, hakuna aliyeinua macho, na ubishi ulikuwa umekwisha kabla sijakaa vizuri kuusikiliza.